Namna ya Kuwasoma Savarkar na Golwalkar Barazani

Kabla ya kufungua mjadala juu ya Savarkar na Golwalkar, viongozi wawili wa siasa ya Hindutva huko India, pambanua maneno mawili yanayotofautiana kwa irabu moja tu: Mhindi na Mhindu. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi, naye huenda akawa Bohora anayeswali hapa hapa Lamu. Mhindu ni mfuasi wa dini. Mwenye itikadi ya Hindutva ni mtu mwingine tena, kwa kuwa hiyo ni siasa inayotaka India iwe taifa la Wahindu, na Wahindu wengi, Gandhi akiwa mmoja wao, waliipinga. Nimeona mazungumzo mengi barazani yakiharibika kwa sababu watu hawa watatu walifanywa mmoja.

Kisha msome kila kiongozi kwa maneno yake mwenyewe, na uyapange kwa miaka. Vinayak Damodar Savarkar, aliyezaliwa 1883, aliandika mwaka 1909 kitabu kuhusu maasi ya 1857 nchini India ambamo aliwasifu Wahindu na Waislamu waliopigana bega kwa bega dhidi ya Waingereza. Mwaka uliofuata alikamatwa London, akahukumiwa kifungo cha miaka 50 na kupelekwa katika gereza la visiwa vya Andaman. Mwaka 1923, akiwa bado kifungoni, alitoa kijitabu kuhusu Hindutva kilichoeleza kwamba Mhindu ni yule ambaye India kwake ni nchi ya baba zake na pia nchi yake takatifu. Kwa kipimo hicho Mwislamu na Mkristo wa India walibaki nje, hata kama mababu zao walizaliwa huko, kwa kuwa patakatifu pao pako kwingine.

Hapo ndipo pa kutulia. Jioni moja baada ya isha niliwaomba vijana waliokaa nami dakani wachore safu mbili kwenye karatasi: katika ya kwanza waandike alikozikwa babu wa babu, katika ya pili waandike wanakoelekea wanaposwali. Safu ya kwanza ilijaa Lamu, Pate na Siyu. Ya pili ilikuwa na neno moja tu, Makka, kutoka juu hadi chini. Kijana aliyekuwa akisema kwamba kila nchi ina haki ya kujipima hivyo aliitazama karatasi yake kwa muda mrefu, kwani kwa kipimo cha Savarkar yeye ni mgeni katika kisiwa alichozaliwa. Zoezi hili lifanyike kwa uaminifu, maana sisi pia tumezoea kusema kuwa Baniani si wa hapa, ilhali babu yake amefungua duka mjini kabla baadhi yetu hatujahamia.

Kwa M. S. Golwalkar, aliyeiongoza RSS, jumuiya ya India inayoeneza Hindutva, kuanzia 1940 hadi 1973, usikubali udhuru kwamba ndivyo watu walivyofikiri zama zile. Kitabu chake cha 1939 kiliutaja mwenendo wa Ujerumani dhidi ya Wayahudi kuwa funzo la kufaa India, kikasema wasiofuata utamaduni wa Kihindu wakae bila kudai hata haki za raia. Kilichapishwa miezi michache baada ya masinagogi kuchomwa huko Ujerumani mnamo Novemba 1938, na katika zama hizo hizo walikuwepo Wahindi waliofikiri kinyume kabisa. Baadaye jumuiya yenyewe ilijitenga na kitabu hicho.

Yaliyo mema pia yasifichwe. Savarkar aliupinga ubaguzi wa tabaka, na mwaka 1931 hekalu la watu wa matabaka yote lilifunguliwa Ratnagiri kwa juhudi zake. Lakini wema huo haulifuti fundisho la 1923. Barua zake za kuwaomba Waingereza msamaha alipokuwa gerezani ni hoja dhaifu dhidi yake, kwani mfungwa huomba. Kuhusu kuuawa kwa Gandhi tarehe 30 Januari 1948, sema kilichothibitika: Nathuram Godse ndiye aliyefyatua risasi, naye Savarkar alishtakiwa kwa kula njama, kisha mahakama ikamwachia huru mwaka 1949.

Iwapo jirani Mhindu yuko barazani, usimtake amjibie mtu aliyefariki Bombay mwaka 1966. Mpe kahawa na karatasi kama wengine, na safu zake mbili azijaze mwenyewe.