Ajali imepita, mwili haujapata habari: namna ya kuitambua na kuitibu PTSD

Neno kiwewe tunalo siku nyingi, ila kiwewe cha mtaani ni cha dakika chache: mtu kashtuka, kababaika, kesho yake katulia. Hapa tunazungumzia kile kisichotulia. Chukua mtu aliyetoka hai kwenye basi lililopinduka. Mguu ulifungwa hogo, umepona, karudi kazini. Miezi mitatu baadaye akisikia breki za lori jasho linamtoka. Anatembea kilomita nne kwenda sokoni ili asipande daladala. Usiku anaweweseka, na mkewe akimgusa kumwamsha, anarusha ngumi. Hospitalini wanaiita PTSD, kifupi cha Kiingereza cha post-traumatic stress disorder, yaani ugonjwa wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha. Jina hilo liliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, lakini ugonjwa hausubiri vita. Ubakaji, kipigo cha nyumbani, uvamizi wa majambazi, hata uzazi uliotaka kumuua mama, vyote vinaweza kuuleta.

Mwezi wa kwanza

Wiki za mwanzo karibu kila aliyenusurika hulala vibaya na kushtuka ovyo, na wengi hupona bila matibabu. Ndiyo maana PTSD haitajwi mpaka dalili zivuke mwezi mmoja na ziwe zinavuruga kazi, usingizi au nyumba. Daktari anatafuta makundi manne: tukio kujirudia lenyewe (jinamizi, picha za ghafla), kukwepa watu, mahali na mazungumzo, mawazo kugeuka (kujilaumu, kutoamini mtu, kushindwa kufurahi), na mwili kukaa macho muda wote, yaani hasira za haraka, kushtuka, usingizi mwepesi.

Katika mwezi huo mpe chakula, usingizi, watu anaowaamini na kazi ndogondogo za kawaida. Akitaka kusimulia, sikiliza. Asipotaka, mwache. Kumkalisha kikao kimoja siku mbili baada ya ajali na kumbana aeleze kila kitu hakuzuii ugonjwa, na wengine huwazidishia. Diazepam, dawa ya kutuliza, pia haizuii. Inalaza kwa siku chache, kisha mwili unaizoea na kuiacha kunakuwa kazi nyingine. Pombe ni hivyo hivyo, ila haihitaji cheti cha daktari.

Kwa nini haiishi yenyewe

Kumbukumbu ya kawaida ina tarehe, mahali, mwanzo na mwisho. Kumbukumbu ya hofu kuu hukaa vipandevipande: harufu ya dizeli, mlio wa vioo, ubaridi wa bati shavuni. Vipande havina saa. Dizeli ikipita puani leo, mwili unajibu kana kwamba basi linapinduka sasa hivi. Mtu anakimbia harufu, anapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo inaufundisha mwili kwamba kweli palikuwa na hatari pale. Ndiyo sababu ushauri wa "sahau, usiliongelee" unaharibu hata ukitolewa kwa mapenzi. Dua na maombi hayana ubaya. Yanaharibu pale tu yanapogeuzwa mlango wa kutorokea kila kumbukumbu inapobisha.

Akichukuliwa na kumbukumbu

Usimshike, hasa kutokea nyuma. Simama anapokuona, mwite jina kwa sauti ya kawaida, umwambie yuko wapi na leo ni siku gani. Kisha mpe kazi ya macho na mikono: ataje vitu vitano anavyoviona, akanyage sakafu kwa nguvu, ashike kikombe cha maji baridi. Halafu aseme kwa mdomo wake tofauti ya kule na hapa: "Kule kulikuwa giza, hapa kuna taa. Kule nilibanwa, hapa nasimama." Watu huisahau hatua hii ya kutaja tofauti, nayo ndiyo yenye kazi kubwa. Akitulia, avute pumzi sekunde nne na kuitoa sekunde sita, kwa dakika tano. Anayeweweseka usiku mwamshe ukiwa upande wa miguuni, kwa taa na sauti, si kwa mkono.

Kamba, mawe na maua

Tiba yenyewe ni ya mazungumzo, pamoja na mshauri aliyefunzwa. Ziko kadhaa zenye ushahidi. Tunaeleza ile ya kusimulia maisha kwa mpangilio, kwa sababu imejaribiwa karibu na kwetu: katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wenzao waliofundishwa, wasio madaktari, waliwatibu Wanyarwanda na Wasomali kwa njia hii.

Kabla ya kuanza, mshauri anahakikisha mambo matatu: mgonjwa hana mpango wa kujiua (akiwa nao, hospitali leo hii, asiachwe peke yake), hanywi pombe kiasi cha kuja kikaoni amelewa, na mtu anayemuumiza haishi naye nyumba moja. Aliyegonga kichwa apimwe pia, maana jeraha la ubongo nalo huleta hasira na usahaulifu.

Kikao cha kwanza kamba inatandazwa sakafuni. Ncha moja ni kuzaliwa. Ncha nyingine inabaki imekunjwa, maana maisha hayajaisha. Mgonjwa anaweka ua kwa kila jambo jema na jiwe kwa kila baya, kwa mpangilio wa miaka, na kutaja jina tu: "hapa basi." Maelezo hayachimbwi siku hiyo.

Vikao vinavyofuata, vya dakika 90 hivi, vinatembea kwenye kamba hiyo. Vikifika kwenye jiwe, mwendo unapunguzwa. Ulikaa siti gani? Uliona nini? Mwili ulihisi nini wakati ule, na sasa hivi unahisi nini? Ulifikiri nini? Mshauri anaandika, na kikao kinachofuata anamsomea ili asahihishe na kuongeza. Kwa wengi vikao 4 hadi 12 vinatosha.

Huharibika hivi: mgonjwa anasimulia kama anaandikisha maelezo polisi, tarehe na namba ya gari bila hisia, na mshauri anaridhika. Au machozi yanaanza, mshauri anaogopa, anabadilisha mada. Hili la pili ni baya zaidi. Ukikatiza hofu ikiwa juu, umemthibitishia kwamba kumbukumbu ni ya kukimbiwa. Simulizi lazima lifike mpaka pale hatari ilipokwisha, mtu keshatolewa kwenye basi na hofu imeshuka. Kwa hiyo usianze jiwe zito zikiwa zimebaki dakika ishirini.

Ngazi

Sambamba na simulizi, andikeni vitu anavyovikwepa na kila kimoja kipewe hofu yake, 0 hadi 100. Mathalani: kusimama stendi 30, kukaa ndani ya daladala iliyoegeshwa 45, kupanda vituo viwili mchana 60, safari ya saa moja 80, kupita pale pale palipotokea ajali 95. Anzieni chini. Anabaki hapo mpaka hofu ishuke karibu nusu, mara nyingi dakika 30 hadi 45, na anarudia siku nyingi za wiki. Akishuka hofu ikiwa kileleni, siku hiyo amejifunza kuogopa zaidi. Kufumba macho njia nzima nako ni kukwepa. Na ngazi ni ya hofu iliyopitwa na wakati, si ya hatari ya kweli: hakuna mazoezi ya kupanda bodaboda bila helmeti.

Dawa

Pale mshauri hapatikani, au huzuni imezidi, daktari anaweza kuandika sertraline, dawa itumikayo pia kutibu sonona. Kawaida huanza miligramu 25 kwa siku kwa wiki moja, kisha 50, na kupanda taratibu, mwisho 200. Siku za mwanzo kuna kichefuchefu na mahangaiko, nafuu inakuja baada ya wiki nne hadi sita, kwa hiyo wengi huitupa kabla haijafanya kazi. Chini ya miaka 25 wachungwe wiki za kwanza kwa mawazo ya kujiua. Ikikubali, huendelea miezi mingi baada ya nafuu na kupunguzwa polepole.

Majeruhi wa ajali wana jambo lao: mara nyingi wanakunywa tramadol kwa maumivu. Tramadol na sertraline zikichanganywa zinaweza kuleta homa, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata degedege. Mwambie daktari kila kidonge unachotumia, pamoja na vile ulivyonunua mwenyewe duka la dawa, na ukimwonyesha pakiti ni bora zaidi.