Mshipa wa fahamu wa uso ukikupiga shoti

Maumivu ya mshipa wa trijemina, yaani mshipa wa fahamu unaoleta hisia za uso, hukaa upande mmoja wa uso. Yangu yako shavu la kulia hadi ufizi wa chini. Yanapiga kama shoti ya umeme, yanaacha, yanarudi. Na kinachoyaamsha ni kitu chepesi tu: upepo, mswaki, hata kuitikia "marahaba".

Kabla hujakubali kung'olewa jino, omba lipigwe eksirei. Wengi wameng'olewa meno mazima na maumivu yakabaki palepale. Usimwambie daktari "jino linauma" ukaishia hapo. Mwambie: yanakuja ghafla, yanapita upesi, nikijigusa tu yanaamka.

Panadol haifui dafu hapa. Dawa inayoanza kutolewa ni kabamazepini, ileile ya kifafa, kwa hiyo usishtuke. Daktari huanza na dozi ndogo, akapandisha taratibu. Imeze kwa saa zake hata siku ambayo huumwi, na usiikate ghafla. Ukitoka vipele au vidonda mdomoni, wahi hospitali siku hiyohiyo. Kama unatumia ARV au vidonge vya uzazi wa mpango, sema bila kuona haya: kabamazepini hupunguza nguvu ya dolutegravir, mojawapo ya ARV, na ya vidonge hivyo.

Asubuhi ndiyo ngumu kuliko saa zote. Mimi humeza dawa kwanza, uso nauacha mpaka ianze kufanya kazi. Kisha nachovya kitambaa laini cha pamba kwenye maji ya vuguvugu, nakiweka shavuni nikikibonyeza kidogo. Kusugua ni marufuku. Mswaki wangu ni wa mtoto. Hata huo ukishindikana, nasukutua maji ya vuguvugu yenye chumvi. Uji nauacha upoe, nakunywa kwa kijiko cha chai, nikiupitishia kushoto. Nyumbani wanajua: nikiinua kiganja, hawanisemeshi, wanangoja.

Kwenye daladala kaa mbali na dirisha, jifunike khanga. Feni isikuelekee usoni.

Ukiwa bado kijana, au uso unakufa ganzi, au pande zote mbili zinauma, ulizia MRI, kipimo cha picha za ubongo, maana huenda chanzo ni uvimbe au multiple sclerosis, ugonjwa unaoharibu ganda la mishipa ya fahamu. Dawa zikishindwa, upo upasuaji wa kuutenganisha mshipa wa damu unaougandamiza ule wa fahamu. Kwa Dar es Salaam, madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo wako MOI, Taasisi ya Mifupa iliyopo Muhimbili. Omba rufaa mapema, na uende na orodha ya dawa zote ulizokwisha kutumia, pamoja na dozi zake.