Jinsi ya Kuutambua Ugonjwa wa Mawazo Sumbufu na Kuitafuta Tiba Yake

Mtu amefunga mlango, amevuta kitasa mara tatu kuhakikisha, kisha akiwa njiani moyo unamwambia kwamba hakufunga. Anarudi, anakuta umefungwa, anashusha pumzi; hajapiga hatua ishirini, shaka imeshamrudia. Ugonjwa huu huenda hivyo: wazo asilolitaka mtu humtia hofu, tendo la kulazimika huituliza kwa dakika chache, na nafuu hiyo fupi ndiyo inayomzoesha kuamini kwamba asingekagua, balaa lingetokea.

Kukagua mlango mara mojamoja si ugonjwa, wala kupenda usafi si ugonjwa. Tafuta msaada ikiwa mawazo na matendo hayo yanakula zaidi ya saa moja kwa siku, au yanakuvurugia kazi, masomo na maisha na wenzako. Kumbuka pia kwamba matendo mengine hufanyika kimoyomoyo: kuhesabu, kurudia maneno, kuichambua kumbukumbu ileile hadi usiku wa manane. Wapo wanaojiwa na wazo la kumdhuru mtoto wao, au la kukufuru, nao hunyamaza miaka mingi kwa aibu. Kwao nasema kwa mkazo: wazo linalokutisha hivyo si nia yako, linakutesa kwa kuwa linapingana na kile unachokithamini.

Kabla ya kumwona daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia, andika kwa wiki moja wazo lililokujia, tendo ulilofanya na muda uliotumika, kwa mfano: “Jiko, nimerudi mara sita, dakika arobaini.” Karatasi hiyo itakusemea pale ulimi utakapokuwa mzito. Huenda mtaalamu akatumia pia dodoso la Yale-Brown, lenye maswali 10 na alama kuanzia 0 hadi 40, ili kupima ukali wa hali yako.

Swali la kumuuliza mapema ni hili: je, una uzoefu wa tiba ya kuikabili hofu bila kufanya tendo la kuituliza? Msingi wake ulionekana katika kazi ya mwanasaikolojia Victor Meyer, aliyoichapisha mwaka 1966, na hadi leo ndiyo tiba ya mazungumzo inayopendekezwa zaidi kwa ugonjwa huu. Mnapanga hofu zako kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha mnaanza na zile unazoziweza: unashika kitasa, unaketi bila kunawa, unaiacha hofu ipande na kushuka yenyewe. Ni kazi ngumu, na si haki kukuficha hilo. Hata hivyo, mtaalamu anayekuhakikishia kila mkutano kwamba hakuna baya litakalotokea anaulisha ugonjwa bila kujua. Ndugu wanaojibu swali lilelile mara kumi nao hufanya vivyo hivyo kwa upendo, kwa hiyo ni vyema nao waelekezwe.

Dawa kama fluoksetini na setralini husaidia wengi, lakini zinaweza kuchukua hadi wiki 12 kuonyesha matokeo, na hazifai kuachwa ghafla bila daktari. Ikiwa umechoka kiasi cha kuwaza kujiua, usisubiri miadi; nenda hospitali siku hiyohiyo, ukifuatana na mtu unayemwamini.