Panya kapona, binti yangu je?

Ujumbe huja usiku, na mara nyingi huja wakati simu yangu imebaki na chaji kidogo. "Jamani, dawa ya siko seli imepatikana!!!" Chini yake kuna picha ya panya mweupe ameshikwa kwa glavu, na maneno ya mwisho ni yaleyale: mtumie kila mzazi unayemjua. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja hapa Muheza, na ni mama wa msichana wa miaka 14 mwenye selimundu, yaani hiyo siko seli, ugonjwa wa kurithi unaozipinda chembe nyekundu za damu, kwa hiyo ujumbe wa namna hii hunifikia mara mbili. Wazazi wenzangu wa kliniki wananitumia ili niwaambie kama ni kweli. Mawifi zangu wananitumia ili waniulize mbona bado sijamtafutia mtoto.

Nimejiwekea utaratibu wa kuzisoma habari hizi. Haukutaki uwe umesoma sayansi. Unataka kaunta buku, penseli, peni ya bluu, na saa moja ya utulivu.

Anza kwa kumtafuta aliyetibiwa. "Watafiti wameponya selimundu" ni sentensi isiyo na mgonjwa. Shuka nayo aya kwa aya hadi umkute: ni seli kwenye kisahani cha maabara, ni panya, ni nyani, au ni mtu? Habari ikikuficha, tafuta makala ya watafiti wenyewe. Hata makala inayouzwa huwa na muhtasari wa bure, na huko aliyetibiwa hutajwa waziwazi. Akiwa mnyama, mwandike kwa penseli. Akiwa binadamu, mwandike kwa peni. Huo ndio utaratibu wangu kwa sehemu kubwa, na yanayobaki ni kuuliza maswali juu ya kile kilichoandikwa kwa peni.

Penseli si dharau, naomba nieleweke. Panya hapati selimundu kwa asili yake. Wale wanaotumika leo wanatokana na kazi ya timu mbili za Marekani zilizotangaza matokeo yao mwaka 1997: waliziondoa jeni za himoglobini (kile kinachobeba oksijeni kwenye damu) za panya wakaweka za binadamu, tena zile zenye kasoro yetu. Panya huyo ana chembe zinazopinda, ana upungufu wa damu, bandama yake inavimba. Ukitaka kuona figo inavyoharibika kidogo kidogo, huwezi kumkata mtoto wa mtu. Unamchunguza panya.

Lakini mtazame maisha yake. Anakaa kwenye kasha safi, maji yapo muda wote, hakuna mbu. Haamshwi saa kumi na moja alfajiri ya Julai kwenda kusimama mstarini na sweta jepesi. Chembe nyekundu za panya mzima wa afya huishi siku kama 40, za mtu mwenye afya 120. Halafu kuna jambo ambalo hata wanafunzi wangu wa kidato cha sita huliruka: himoglobini ya tumboni, ile ya mtoto ambaye hajazaliwa. Binadamu huzaliwa nayo kwa wingi, na ndiyo inayomkinga mtoto mwenye selimundu miezi ya mwanzo. Binti yangu alikuwa mzima kabisa hadi miezi minane, ndipo mikono ikavimba kama maandazi. Panya wa kawaida hana hatua hiyo kama yetu. Kwa hiyo dawa inayofanya kazi kwa kuirudisha himoglobini ya tumboni haiwezi kupimwa vizuri kwake.

Ndiyo maana walioitafuta dawa ya aina hiyo waliwaendea nyani na kima. Mwaka 1982 ilionekana kwamba dawa moja ya saratani inaipandisha himoglobini hiyo kwa nyani waliopunguzwa damu. Mwaka 1984 kima wakapewa haidroksiyurea, dawa anayoimeza binti yangu leo, nayo ikapandisha. Sasa hesabu miaka. Mwaka 1995 yalitoka matokeo ya wagonjwa wazima 299 wa Marekani na Kanada, waliogawanywa kwa kura, wengine wakipewa haidroksiyurea na wengine vidonge vinavyofanana navyo visivyo na dawa. Ukiwapanga wagonjwa kwa mstari kuanzia mwenye maumivu machache, aliyesimama katikati upande wa dawa alipata maumivu makali mara 2.5 kwa mwaka, upande wa pili mara 4.5. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, maana faida ilikuwa imeshaonekana. Mamlaka ya dawa ya Marekani ikaiidhinisha 1998. Kutoka kima hadi idhini ni miaka 14. Ukiona picha ya panya, kumbuka hesabu hiyo kabla hujauza kitu.

Nasema hivyo kwa sababu nusura niuze.

Novemba 2019 Marekani iliidhinisha voxelotor, dawa mpya ya selimundu. Hapo hapakuwa na panya. Walikuwa watu 274, wa miaka 12 hadi 65, wamegawanywa kwa kura, na matokeo yamechapishwa kwenye jarida kubwa. Damu ya binti yangu, yaani himoglobini, wakati ule ilikuwa gramu 6.8 kwa desilita. Nikasoma kwamba waliopewa dozi kubwa, asilimia 51 damu yao ilipanda kwa zaidi ya gramu 1 ndani ya wiki 24, wakati waliopewa kidonge kisicho na dawa ni asilimia 7 tu. Nikaipigia 51 mistari miwili ya peni nyekundu. Nikampigia shemeji yangu aliyeko Muscat aulizie. Bei ya Marekani ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwezi. Sisi tuna kiwanja kimoja, na hata tungekiuza kisingetufikisha mwezi wa pili. Mume wangu alicheka kicheko cha mtu aliyekata tamaa, mjadala ukaishia hapo.

Septemba 2024 kampuni yenyewe iliiondoa dawa hiyo sokoni duniani kote, ikisema faida haizidi tena hatari, kwa kuwa takwimu zilionyesha tofauti kwenye maumivu makali na vifo. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilikuwa imeshatangaza kwamba inachunguza. Katika utafiti mmoja wa watoto 236 waliokuwa kwenye hatari ya kupata kiharusi, walifariki 8 upande wa dawa na 2 upande wa kidonge kisicho na dawa. Nchi walikotoka watoto hao zilikuwemo Kenya na Oman. Nambari hizo peke yake hazikuambii kila mtoto alifariki kwa nini, nami sitajifanya najua. Ila nilirudi kwenye daftari langu la 2019. Ukurasa uleule, chini ya ile 51 nyekundu, nilikuwa nimenakili kwa mkono wangu kwamba idadi ya maumivu makali haikutofautiana kwa kiasi cha kuaminika. Niliandika, nikapita.

Basi swali la pili ni hili: walipima nini? Dawa inaweza kupandisha namba ya maabara na mtoto akabaki na maumivu yaleyale. Voxelotor iliifanya himoglobini iishike oksijeni kwa nguvu zaidi ili chembe isipinde, na namba ikapanda kweli, hakuna aliyedanganya. Lakini mimi sifui shuka za namba. Kwenye daftari sasa ninachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto vipimo: damu, himoglobini, chembe zilizopinda. Kulia maisha: siku za kulazwa, kuongezewa damu, kiharusi, kifo, siku za shule. Upande wa kulia ukiwa mtupu, ninaahirisha furaha yangu.

Angalia pia muda, na kama kuna jaribio la pili. Crizanlizumab, sindano ya mshipani, iliidhinishwa Marekani mwaka huohuo wa 2019 kwa utafiti wa watu 198 uliochukua mwaka mzima, na huo ulipima maumivu yenyewe: mara 1.63 kwa mwaka upande wa dawa, dhidi ya 2.98 upande wa pili. Safi kabisa, upande wa kulia. Jaribio kubwa zaidi lililofuata halikuiona faida hiyo, na Ulaya ikafuta idhini yake 2023. Kwa hiyo hata peni wakati mwingine inafutwa.

Swali linalofuata wazazi hulisahau: walilinganishwa na nani, na wapi? Hapa haidroksiyurea ina somo zuri. Kabla haijasambaa kwetu, madaktari walihofia kwamba ingewafanya watoto waugue malaria zaidi. Hofu hiyo usingeweza kuitatua Chicago, kusiko na malaria. Ikafanyika kazi Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, watoto 606 wa mwaka 1 hadi 10, na matokeo yakawa yameshatoka mwanzoni mwa 2019. Chukua watoto 100 kwa mwaka mmoja: maumivu makali yalishuka kutoka 98.3 hadi 44.6, malaria kutoka 46.9 hadi 22.9, vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Nilipoyaona nililia jikoni.

Nikafuta machozi nikauliza: kutoka lini hadi lini? Watoto walilinganishwa na hali yao wenyewe kabla ya kuanza dawa. Hapakuwa na kundi la pili. Mtoto aliye kwenye utafiti anaangaliwa kuliko mtoto wa foleni yetu, na kuangaliwa nako ni dawa. Ndiyo maana nauweka kando yake utafiti wa Mulago, Kampala, uliochapishwa 2017: watoto 208, kura, nusu dawa na nusu kidonge kisicho na dawa, miezi 12. Malaria haikuongezeka kwa waliopewa dawa. Nikiziweka pamoja, ninalala. Binti yangu anaimeza tangu akiwa na miaka sita, na tunapima damu kila tunapoambiwa, maana dawa hii inaweza kushusha chembe nyeupe.

Mtoto wako mwenyewe akiombwa kuingia kwenye utafiti, usiogope na usikubali palepale. Sisi tuliwahi kusomewa fomu ya ridhaa koridoni, kwa Kiingereza, huku muuguzi akitazama saa. Nikaomba kwenda nayo nyumbani, na nikapewa bila ugomvi. Omba ya Kiswahili. Uliza dawa imeshapewa watu wangapi kabla ya mwanao, kama kuna kura, nani utampigia saa nane usiku, na utafiti ukiisha dawa itatoka wapi. Swali hilo la mwisho huwafanya watu wakohoe. Kwetu Tanzania Bara, uliza pia kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kama ni dawa inayojaribiwa, kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Una haki ya kujitoa siku yoyote na kliniki yako ya kawaida ikabaki palepale. Hakikisha hilo limeandikwa.

Kumjibu aliyekutumia picha ya panya usiku ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu naye ana mtoto. Usimwandikie "uongo huo". Mara nyingi si uongo, ni mapema. Wiki iliyopita nilimjibu mama mmoja hivi:

"Dada, nimeisoma. Ni panya, watu bado hawajapewa. Nimeiandika kwa penseli, tutaitazama tena mwakani. Mtoto kameza kidonge cha leo?"

Akajibu baada ya dakika kumi: "Kameza. Ila anasema kinamkwama."

"Mpe maji kikombe kizima. Anayahitaji hata hivyo."