SOMO: Samaki wa friza asiharibike (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila msimu wa upepo wa kaskazi ukiingia na samaki wakishuka bei, swali ni lilelile: "Mbona samaki wangu yuko friza na bado ananuka?" Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Samaki wengi huharibika kati ya bandarini na jikoni, kabla hawajaganda. Friza haimrudishii samaki ubichi wake.

1. Nenda sokoni na barafu yako. Kwa joto hili la Malindi, kilo moja ya barafu iliyopondwa kwa kilo moja ya samaki, nyingine chini nyingine juu.

2. Ukifika nyumbani paa magamba, toa matumbo na matamvua, sugua damu iliyoshika uti wa mgongo. Osha, kisha kausha kwa kitambaa safi.

3. Jodari, nguru, vibua na kolekole waangalie zaidi. Wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini, aina ya sumu, ndani ya nyama. Samaki anaweza kunukia vizuri na bado akakudhuru: mdomo kuwasha kama pilipili, uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma, kutapika. Kupika hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi, ndimu haiiondoi.

4. Kugandisha. Hapa ndipo kilo tano nzima huharibika kwa siku moja. Mtu hujaza mfuko mmoja, akaufunga, akausukuma ndani. Nje hushika barafu upesi, lakini katikati ya lile fungu hubaki na joto kwa saa nyingi, na uharibifu unaendelea. Tena fungu hilo hupasha joto vyakula vilivyokwisha kuganda. Kata vipande visivyozidi unene wa vidole viwili, vipange kwenye sinia bila kugusana, viache vigande hadi vikigongwa vilie kama mawe. Ndipo utie mifukoni, kiasi cha mlo mmoja kila mfuko, ukiminya hewa yote nje. Hewa ikibaki, nyama hukauka na kufanya mabaka meupe. Friza ya lita 100 usiipe zaidi ya kilo 3 au 4 za samaki wapya kwa siku. Joto liwe nyuzi 18 chini ya sifuri.

5. Andika tarehe. Changu na tewa hukaa vizuri miezi sita. Vibua na jodari, wenye mafuta, miezi miwili au mitatu.

6. Yeyusha ndani ya friji usiku kucha. Si juu ya meza.

MASWALI (kila muulizaji nimemwita kwa mahali anapotoka)

Muyeye: Nina nguru tangu jana, nimle?
— Alikaa wapi tangu jana? Kama ni nje ya barafu, mtupe. Hatua ya 3.

Muyeye: Lakini hanuki.
— Hatua ya 3, dada. Neno kwa neno.

Shela: Asalaam aleikum. Mimi huwapaka vibua chumvi na bizari kabla ya kugandisha. Mbona huanza kunuka mafuta mapema kuliko wale wasiopakwa?
— Waaleikum salaam, swali zuri sana. Chumvi huharakisha mafuta ya samaki kuchacha, hata ndani ya friza. Wagandishe wakavu bila kitu, viungo upake siku ya kupika. Ndimu nayo ngoja, maana huanza kuivisha nyama na ikiyeyuka hulegea.

Barani: Umeme ukipotea je?
— Usifungue mlango. Friza iliyojaa huhimili kama saa 48; iliyojaa nusu tu, kama saa 24. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu na ukiache humo. Ukirudi safarini ukaikuta sarafu imezama chini, jua friza iliyeyuka ikaganda tena, na samaki wale usiwale.

Lamu: Huku barafu hatupati kila siku. Tufanyeje?
— Nunua kiasi cha siku hiyo. Wakizidi, pasua kutoka mgongoni mpaka wafunguke, tia kilo moja ya chumvi kwa kilo tatu za samaki, waache usiku mzima maji yatoke, kisha anika juu ya kichanja, chini ya chandarua cha nzi. Wakianikwa mchangani hushika uchafu.

Shela: Na tui la nazi linagandika?
— Linagandika vizuri. Tui zito, kwenye vikombe vidogo, siku ileile ulipokuna. Likiyeyuka hukatika, koroga kwa moto mdogo litarudi.