Dhidi ya: wapi uiweke na wapi uiache tu

Wakuu habari zenu. Nina ka-steshenari kangu hapa mtaani, natoa kopi, naprinti, nachapa barua za watu na mabango ya ligi za mbuzi, sasa kuna neno moja linanisumbua kila wiki nalo ni hili "dhidi ya". Kuna anayeandika "thidi", kuna anayeona bora aweke VS yaishe, na kuna wale waliolipenda kupita kiasi mpaka wanalitia kila sehemu kama chumvi. Nimeona niandike mara moja, nikiulizwa tena niwe nafowadi tu.

Nianze na mzee mmoja. Alikuja na barua yake ya kwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kaiandika kwa mkono, na juu kaweka YAH: MALALAMIKO YA JIRANI YANGU. Nikamuuliza, shikamoo mzee, hapa jirani ndo analalamika au wewe ndo unamlalamikia? Akanitazama kama mimi ndo sijaenda shule. "Mimi bwana, maji yake machafu yote yanaingia kwangu." Sasa mzee, kwa ulivyoandika hapa mwenyekiti anaweza kudhani umemletea shida za jirani yako umsaidie. Tukabadilisha ikawa MALALAMIKO DHIDI YA JIRANI YANGU, akaisoma mara mbili akasema eee hapo sawa, hapo ndo penyewe.

Hiyo ndo kazi ya hili neno. "Ya" peke yake haina upande, inambeba anayefanya na inambeba anayefanyiwa, wote kapu moja. Ukisema "ukatili wa wanawake" mtu ana haki ya kuuliza wanawake ndo wakatili au ndo wanaotendewa ukatili. Ndo maana ule mpango wa serikali ya Tanzania uliokuwa unaitwa MTAKUWWA, wa kuanzia 2017/18, jina lake refu lilikuwa Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, hapo hakuna wa kuuliza swali. Kwa hiyo ukitaka kujua kama unaihitaji jiulize tu: nikiweka "ya" au "wa" peke yake, msomaji anaweza kugeuza nani kafanya na nani kafanyiwa? Kama anaweza, weka dhidi. Tuhuma dhidi ya mhasibu, ushahidi dhidi ya mshtakiwa, njama dhidi ya mwenyekiti. Kinachokuja baada ya dhidi ndo kinachopigwa, siku zote.

Kama haiwezekani kugeuza, mara nyingi huihitaji. Dawa ya malaria kila mtu anaelewa, huna haja ya "dawa dhidi ya malaria" labda unaandika ripoti. Hapa Kiswahili kina raha yake, dawa ya panya inaua panya, dawa ya kuku inatibu kuku, na hakuna aliyewahi kuchanganya akampa kuku sumu kwa sababu ya "ya". Chanjo ndo zote zinakubalika, chanjo ya surua na chanjo dhidi ya surua, ya kwanza utaisikia kliniki kwa kina mama, ya pili kwenye taarifa ya habari. Bima ya moto ni bima ya moto, sijui nani alianza "bima dhidi ya moto".

Halafu kuna "na", hii ndo inachanganya kwenye mpira. Tunasema Simba anacheza na Yanga na kila mtu anajua ni wapinzani, timu kwa timu hakuna shida. Shida inaanza ukitaja wachezaji. Ukiandika "Samatta alicheza na Grealish" uko sahihi, walikuwa wote Aston Villa 2020. Ukiandika "Samatta alicheza na Olunga" mtu asiyefuatilia atadhani walikuwa timu moja, kumbe unazungumzia AFCON ya 2019 kule Misri, Kenya ilipoifunga Tanzania 3-2, Samatta akatupia moja na Olunga mbili (bado inauma). Hapo andika "alicheza dhidi ya Olunga" umemaliza. Na bao halifungwi "na" timu, unafunga dhidi ya timu, au kwa kifupi unaifunga.

Kwenye vita na mapambano zote mbili zinapita, ila angalia hata wenye kazi zao wanachagua nini. TAKUKURU ni Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, sio kupambana dhidi ya rushwa. Kenya nako wana Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Ukiwa na kitenzi, pambana, pigana, shindana, hiyo "na" inamtosha kabisa. Ukiwa na jina, mapambano, vita, kampeni, hapo dhidi inakaa vizuri: vita dhidi ya rushwa, mapambano dhidi ya UKIMWI. Sio sheria ya kuchongwa kwenye jiwe ila sikiliza utaona sikio linaikubali.

Mpangilio nao una maana, usidhani ni kutaja tu majina. Mahakamani anayeshtaki anatangulia, ndo maana kesi za jinai zinapofunguliwa zinaandikwa Jamhuri dhidi ya fulani, ukigeuza umeifanya Jamhuri ndo mshtakiwa. Kwenye ratiba ya mpira mwenyeji anatangulia. Tarehe 5 Novemba 2023 ilikuwa Simba dhidi ya Yanga kwa sababu Simba ndo alikuwa mwenyeji, japo wote kwa Mkapa ni kama nyumbani kwao, na yaliyotokea siku ile 1-5 wenyewe mnayajua siendelei. Matokeo lakini hayasomwi kwa dhidi, usiandike "tano dhidi ya moja", tunasema tano kwa moja au tano moja basi.

Sasa nije kwenye inayonikera kuliko zote, yaani "niko dhidi ya". Mama yuko dhidi ya ndoa yetu. Sisi tuko dhidi ya tozo. Hii imekuja na tafsiri za haraka haraka, maana kwenye Kiswahili cha nyumbani mama hayuko dhidi ya ndoa, mama hataki, anapinga, haiungi mkono, kagoma, chagua unalotaka maneno yapo kibao tena yana nguvu kuliko hilo. Hata zile siku 16 za kuanzia 25 Novemba mpaka 10 Desemba zinaitwa siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kupinga, neno zima lenye misuli. Mwingine aliniletea maelekezo ya mashine kayatafsiri kwenye simu, eti "usiegemeze dhidi ya ukuta". Unaegemeza ukutani jamani. Na mtu hafanyi jambo dhidi ya sheria, anafanya kinyume cha sheria, au anavunja sheria. Kinyume ni pale kitu kinapoenda upande usio wa kanuni, makubaliano, matarajio, dhidi inataka mtu au kitu cha kupambana nacho. Ya shilingi dhidi ya dola nimeiachia, watu wa uchumi wameshaizoea na kweli ukiangalia bei inaonekana kama wanapigana.

Sarufi yake fupi. "Dhidi" haitembei peke yake, lazima iwe na "ya", kwa hiyo "Simba dhidi Yanga" hapana. Na haibadiliki kuwa wingi, kuna watu wanajitahidi mpaka wanaandika "ukatili dhidi za wanawake", hapana, ni ya hata wawe milioni. Kwa watu sema dhidi yangu, dhidi yako, dhidi yake, dhidi yetu, dhidi yenu, dhidi yao. Usiseme "dhidi ya mimi".

Spelingi: d-h-i-d-i. Neno la Kiarabu hili, didd, lile lenye herufi dhadi, herufi ileile iliyotupa fedha na ardhi na haidhuru, ndo maana linachukua dh na sio z. Ulimi uguse meno kama unavyosema dhahabu. Najua sehemu nyingi za bara dh inatoka kama z, kwenye kuongea haina noma tunaelewana, ila kwenye kuandika "zidi" ni neno lingine kabisa, ni kuongezeka, na simu nayo ukiandika "zidi ya" inaweza kukurekebishia ikawa "zaidi ya". Kuna vijana wa boda waliniletea bango la bonanza lao wameshalitengeneza kwenye simu, wanataka niprinti tu kopi ishirini. Limeandikwa herufi kubwa WAZEE ZAIDI YA VIJANA, JUMAPILI SAA KUMI. Nikawauliza, nyie mnacheza upande gani? Wakasema sisi ndo vijana. Basi mmeshafungwa, tena kwa bango lenu wenyewe.