Kupima mlango wa kizazi: vaa sketi, beba khanga
Dada zangu, wengi wetu tunasubiri maumivu ndipo twende kupima saratani ya mlango wa kizazi, na maumivu yakija mara nyingi ugonjwa umeshasambaa. Ukifika miaka 30, nenda ukiwa mzima. Anayeishi na VVU aanze mapema zaidi, miaka 25. Chagua siku ambayo huna hedhi, vaa sketi pana, beba khanga ya kujifunika. Ukiona haya, omba muuguzi wa kike, usiogope kusema. Atapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi kwa pamba, atasubiri dakika moja hivi, kisha ataangalia kama kuna weupe. Na weupe si lazima uwe saratani! Huenda ni mabadiliko ya awali, kabla ya saratani, yanayotibika, hata siku hiyo hiyo kituo kikiwa na mashine ya kuyatibu.